Maji Makali

Mwezi uliopita gari langu liligoma kuwaka, nikamwita fundi wa jirani. Alipofungua vizibo vya betri, harufu ile ikanipanda puani: ukali wa siki, yai viza kwa mbali, na ladha ya shaba iliyokaa nyuma ya ulimi hata baada ya kugeuza uso. Fundi akachungulia ndani, akatikisa kichwa.

"Mama, hii imekauka kabisa. Nikuletee maji ya betri?"

"Maji yapi?" nikamuuliza.

"Maji ya betri," akarudia taratibu, kama anayesema na mtu asiyesikia vizuri.

"Nimekusikia. Yapi?"

Akacheka. "Ya kuongezea, mama. Makali ya nini tena kwenye betri iliyochoka hivi?" Nilimwacha anacheka, nikaingia ndani, nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni. Nimeshapita hamsini, wenzangu, nina watoto wanaonizidi kimo, na bado neno moja la Kiswahili laweza kunikalisha chini. Sijawahi kulieleza kwa mtu asiye wa nyumbani. Leo naliandika, na mkiniona mbaya mtakuwa hamjanionea.

Tuliishi ndani ya mkonge, upande wa Muheza unaoelekea pwani, katika nyumba ya zahanati. Mama yangu alikuwa nesi wa zahanati hiyo, na kwa kweli ndiye aliyekuwa zahanati yenyewe, maana daktari tulimwona kwa nadra. Baba alikuwa fundi umeme wa korona, ile mashine kubwa ya kuchakata mkonge. Watu walimwita Fundi Mbwana. Korona iliposimama kwa kukosa vipuri, baba akabaki na bisibisi zake na heshima yake, na asubuhi akawa anavaa ovaroli lake kama kawaida, anakwenda kulizunguka lile lichuma lililokufa, anarudi.

Kisha wakaja wafadhili. Walituletea vioo vya jua wakavipanga juu ya paa, wakatuletea friji ya chanjo inayofunguliwa kwa juu kama sanduku, na betri sita nyeusi, kubwa, nzito, za kulinda baridi ya friji usiku jua likishazama. Walitumia siku moja kumfundisha baba, wakampiga picha, wakaondoka. Hawakurudi. Betri zile walisema zitaishi miaka mitano. Zilipofikisha saba baba akaanza kuziita "wazee."

"Wazee wameamkaje?" alikuwa akisema kila asubuhi akifungua mlango wa stoo. Nami mtoto nikalichukua neno lile kama lilivyo. Kila nilipoingia na ufagio nilisimama mbele ya betri zile sita, nikainamisha kichwa, nikasema, "Shikamooni." Baba aliponikuta siku moja alicheka mpaka akashika ukuta, lakini hakunikataza. Alisema adabu haimdhuru mtu.

Ilikuwa kazi kuwatunza wazee wale, na ilikuwa kazi ya wakati ambao nchi nzima haikuwa na kitu. Wale wa umri wangu mnakumbuka: sabuni ikawa hadithi, tukafulia majani ya mpapai, sukari ilipokuja dukani watu waliacha maiti wakakimbilia foleni. Betri nazo zilitaka vitu ambavyo havikuwepo. Vichwa vyake vikiota ule unga mweupe, baba alivisugua kwa magadi yaliyoyeyushwa, akavikausha, kisha, kwa kuwa grisi haikupatikana, akavipaka nta ya nyuki iliyochemshwa na mafuta ya nazi. Stoo ikanukia kama jikoni siku ya sikukuu, na chini ya harufu hiyo nzuri ikabaki ile nyingine.

Kikubwa kilikuwa maji. Betri hunywa. Jua likizichemsha mchana maji yake hupungua, na vibati vya ndani vikiachwa wazi hufa. Maji ya kisimani kwetu yalikuwa na chumvi, na maji ya paani yana kutu ya bati. "Mzee hapewi chumvi," baba alisema. Kwa hiyo tulikinga mvua yenyewe. Alisimika miti minne katikati ya uwanja, mbali na paa na mbali na miti, tukafunga kanga kwa pembe zake nne, katikati tukaweka jiwe lililooshwa, na chini yake chungu. Maji ya mwanzo tuliyaacha yamwagike, kwa sababu yanaosha hewa. Baada ya hapo ndipo nilipoweka chungu. Kazi hiyo ilikuwa yangu tangu nina miaka minane. Mvua ikianza, watoto wenzangu walikimbilia ndani, mimi nilikimbilia nje.

Vizibo vilikuwa thelathini na sita, sita kwa kila betri. Nilijifunzia hesabu pale. Nilijua kumimina kwa faneli mpaka maji yavifunike vibati kwa kina cha ncha ya kidole, yasizidi. Nilijua pia kusoma kipimo, lile bomba la kioo lenye kibofu cha mpira: unafyonza maji ya betri, na kijiti kilichomo ndani kinaelea. Kikipanda hadi kwenye kijani, mzee ni mzima. Kwenye nyeupe, anajikongoja. Kwenye nyekundu, mgonjwa. Wazee wetu kwa muda mrefu walikuwa baina ya nyeupe na nyekundu.

Kwa sababu hiyo baba alifanya mambo mawili ambayo hakuna mfadhili aliyemfundisha. La kwanza, alipiga marufuku kuifungua friji isipokuwa mara moja kwa siku, saa sita mchana, jua likiwa limeshaipa nguvu. Hapo ndipo mama alipotoa chanjo za siku, akasoma kipimajoto na kuandika kwenye daftari. La pili, mara tatu kwa wiki, alasiri, alipanda baiskeli mpaka Muheza kuchukua barafu, akairudisha ndani ya gunia lililojazwa unga wa mbao, akaipanga haraka ndani ya friji, ruhusa yake ya pekee, ili iwasaidie wazee kuuvuka usiku. Alirudi mgongo umelowa, nusu jasho nusu barafu. Hakuna aliyemlipa kwa safari zile, wala sikumsikia akiuliza.

Halafu mambo yakafunguliwa. Ruksa, watu walisema, kila kitu ruksa. Ghafla madukani kukawa na sabuni za kunukia, kanga za rangi ambazo hatukuwahi kuziona, ndoo za plastiki, betri za redio, viatu vya mitumba. Mwaka huo huo kiangazi kilituchoma vibaya. Vuli ilikuwa imepita na manyunyu tu, na chungu changu kikakauka mpaka kikapasuka. Wazee walikuwa wanakunywa na hatukuwa na cha kuwapa. Na katikati ya hayo, baba akashikwa na homa.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mdogo wangu Bakari alikuwa na miezi minane, mnene, mwenye tabia ya kushika sikio la kila aliyembeba. Nasema haya ili mjue nyumba ilikuwa na nani. Surua ilikuwa imeshasikika vijiji vya jirani, na mama alikuwa akihesabu siku Bakari atimize miezi tisa apate chanjo yake, kwa kuwa ndivyo utaratibu ulivyokuwa. Kila jioni alimwambia baba, "Friji isituangushe sasa, Mbwana. Kipindi kingine chochote, lakini si sasa."

Baba akaniita kitandani. Alikuwa amejifunika blanketi mbili na meno yanagongana.

"Tatu, mwanangu. Mzee Singano apeleka machungwa Tanga kesho asubuhi, nishasema naye. Panda naye. Ngamiani kuna duka la vipuri, yeye alijua. Sema wataka maji ya betri, lita tano. Dumu ulishike kwa mikono miwili. Wasikia?"

"Nasikia, baba."

"Wataka nini?"

"Maji ya betri."

"Haya."

Hebu nisimamie hapo kidogo. Nimeyarudia mazungumzo yale kichwani kwangu kwa miaka yote hii, na sijaona mahali ambapo baba alikosea kwa makusudi. Sisi nyumbani tulijua maji ya aina moja tu, yanayotoka mawinguni. Tulipoambiwa dukani kuna maji ya betri, tulidhani ni hayo hayo, yamekingwa na mtu mwingine.

Nilikaa juu ya machungwa mpaka Tanga, nikajiona malkia. Mzee Singano, ambaye alikuwa dereva mwenye kusema peke yake njia nzima, alinishusha mlangoni kwa duka akaniambia atanifuata baada ya kushusha mzigo. Ngamiani siku ile ilinilevya. Baiskeli zinapishana, redio zinaimba kila kibaraza, na duka lile limejaa mpaka juu: mikanda ya mashine, taa za magari, makopo yenye picha. Nyuma ya kaunta alikuwa kijana aliyechana nywele vizuri. Nilimwamkia, nikasema nilichotumwa.

"Maji ya betri," nilisema. "Lita tano."

Akaniuliza, bila kuinua macho, "Ya kuongezea au makali?"

Sikulitegemea swali. Baba hakuniambia kuna swali. Lakini nyuma yangu walikuwa wamesimama wanaume wawili wakisubiri, na nilikuwa nimevaa kanga ya mama juu ya gauni ili nionekane mkubwa, na niliona haya kusema sijui. Nikafikiri haraka. Kwetu mama akipata wageni wa ghafla huongeza maji kwenye mchuzi, na mchuzi wa kuongezea tuliujua sote ladha yake. Lakini dawa iliyomtoa bibi kitandani ilikuwa dawa kali. Chai ya baba ilikuwa kali. Mwalimu aliyefaulisha ni mkali. Nikawafikiria wazee wangu sita kule stoo, wamechoka, wako kwenye nyekundu.

"Makali," nikasema, kwa sauti ya mtu mzima.

Hapo akaniangalia. "Babako ajua kuyatumia haya?"

"Babangu ni fundi."

"Haya. Usijimwagie."

Tulifika nyumbani mchana. Mama alikuwa zahanati na msururu wa wagonjwa. Baba alifumbua jicho moja. "Umepata?" Nikamwambia nimepata. "Wanyweshe, mwanangu. Vibati visiachwe wazi. Usizidishe." Akarudi usingizini. Nikaenda stoo, nikawaamkia wazee, nikafungua vizibo vyote thelathini na sita, nikamimina. Niliona mvuke mwembamba, nikasikia pua inawasha, nikajisemea, kweli ni makali. Kwenye betri ya nne faneli iliteleza, yakanirukia kwenye kanga. Vidole vikaanza kuniwasha, nikaenda kunawa. Dumu nililisuuza vizuri, mama akaja kulitilia mafuta ya taa.

Siku mbili baadaye baba aliamka, mwembamba, akaenda stoo kwa kujishika ukutani. Nilimfuata. Akafyonza betri ya kwanza. Kijiti kikapanda hadi kwenye kijani. Ya pili, kijani. Akazimaliza zote sita, kisha akarudi kwenye ya kwanza akapima tena.

"Tatu, wazee umewapa nini?"

"Maji ya betri, baba." Jibu lilikuwa la kweli, na ubaya wake ulikuwa hapo.

"Na mwenye duka hakusema neno?"

"Hakusema," nikajibu.

Hili halikuwa la kweli. Kwa nini nilisema hivyo? Niliogopa ataniuliza nani alinipa idhini ya kuchagua mambo ya watu wazima. Ni hilo tu. Uongo wa neno moja, mtoto yeyote angeusema, na mimi ndiye niliyeusema.

Baba alicheka, kicheko cha mtu aliyetoka kuumwa. "Kumbe walikuwa na kiu ya maji ya mjini!" Akanipapasa kichwa. Wiki ile alimsimulia kila aliyepita kwamba binti yake amewafufua wazee. Na kwa kuwa kipimo kilisema wazima, na yeye mwenyewe bado hajapata nguvu za kukanyaga baiskeli, akaacha kwenda Muheza kuchukua barafu.

Jumamosi mama alifua. Nilimwona ameinua ile kanga juani, na jua linapita ndani yake kwa vitundu vingi vidogo, mstari mzima, kuanzia pindo hadi katikati. "Panya wa siku hizi hawana haya," akasema, akaianika. Siku ile hakujua kitu. Nina hakika, kwa sababu angejua asingefanya alichokifanya baadaye.

Bakari alitimiza miezi tisa. Mama alimchanja mwenyewe, siku ya kliniki, mbele ya kina mama wote. Baada yake akamfuata mtoto wa Mama Yohana. Mama Yohana alikuwa mke wa mkata mkonge, watu wa bara, Wakatoliki, waliokuja na mkataba na kubaki kambini baada ya shamba kufa nusu. Yeye na mama walikuwa wamejifungua wiki moja, na walipenda kuwalinganisha watoto wao unene. Mama aliandika kadi zote mbili kwa mwandiko wake wa kulala. Saa sita ile ile kipimajoto kilionyesha baridi safi. Daftari lipo kama shahidi, mstari baada ya mstari, baridi safi, kila siku saa sita.

Wiki kadhaa zikapita hivyo. Asubuhi moja, kumekucha tu, Mama Yohana akaja na mtoto wa jirani yake mgongoni. Alikuwa anawahi kukata mkonge, hakuweza kungoja saa sita. Akambembeleza mama. Surua ilikuwa imeshaingia kambi ya pili. Mama akasita, akaangalia upande wa stoo, akasema mara moja haiharibu. Akafungua friji.

Sikusikia kelele yoyote. Nilingoja kusikia kifuniko kikifungwa, hakikufungwa, nikaacha ufagio nikaenda kutazama. Mama alikuwa ameingiza mkono wake mpaka kiwikoni ndani ya friji. Utando wa barafu wa kutani ulikuwa umeyeyuka na vichupa vimelala ndani ya maji, na alipotoa mkono maji yalichuruzika, na akaniwekea mkono ule shavuni mwangu. Ulikuwa vuguvugu.

Tuliyaelewa taratibu. Wazee hawakuwa na nguvu tena hata kidogo. Jua likizama friji ilikuwa inakufa, na jua likichomoza inafufuka, ikifika saa sita imeshapoa vizuri kwa ajili ya daftari. Chanjo zilikuwa zikichemka na kupoa, kuchemka na kupoa. Tangu lini, hakuna aliyeweza kusema. Mama akazimwaga zote, akatuma ujumbe wilayani aletewe nyingine.

Kabla ya chanjo alikuja bwana mmoja wa wilayani na sanduku la vifaa. Alifungua vizibo, akapima, akachomoa kijikaratasi, akakichovya, akakitazama. Halafu akamgeukia baba.

"Mzee, humu mmetia asidi. Betri kuukuu namna hii, asidi juu ya asidi! Kipimo lazima kiseme kijani, kinapima ukali tu. Lakini vibati vimeliwa vyote. Nani alijaza?"

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Neno hilo, asidi, sikuwa nimelisikia maishani. Nilielewa tu lile swali la mwisho, na jibu lake nilikuwa nalo.

Baba hakunitazama. Alikuwa akizitazama zile betri. "Mimi," akasema.

Wenzangu, mnajua nilihisi nini? Nilikasirika. Nilijaza mimi, wote walijua, alikuwa amenisifu mbele ya watu, na sasa mgeni mwenye sanduku amekuja, baba ananinyang'anya kazi yangu. Nilinuna siku nzima, nikakataa chakula. Mama alinitazama, akamtazama baba, kisha akainuka akaenda ndani akakaa huko muda mrefu.

Surua haikungoja chanjo mpya. Ilianzia kambini. Mtoto wa Mama Yohana alikuwa wa tatu kuzikwa. Kisha Bakari akaamka na macho mekundu, anakohoa kikohozi kikavu, na mama alipomwangalia ndani ya shavu akaona vile vidoa vyeupe vya surua, akaketi chini pale pale alipokuwa. Alimuuguza siku sita. Hakumwachia mtu. Vipele vilimfunika, kisha kifua kikabana, na ule mkono uliozoea kushika masikio ya watu ukawa umelala tu juu ya shuka. Alikufa Ijumaa, kabla ya adhuhuri, jua liko katikati ya mbingu, na vioo vya jua vinameremeta juu ya paa letu.

Watu walikuwa wameanza kusema. Sindano za Nesi ni maji. Nesi ameuza dawa, ametia maji. Wanaume walipotoka makaburini niliwaona wanawake wa kambini wamesimama pembeni, hawasogei. Mama Yohana akawatoka. Alikuja mpaka kwenye mkeka, akaketi karibu na mama, bega kwa bega, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia:

"Wako ulimchoma kwanza, wangu akafuata. Kichupa kimoja. Niliona kwa macho yangu. Mie sina neno na wewe, Nesi."

Basi maneno yakakoma. Kifo cha Bakari ndicho kilichomsafisha mama, na sijui kama kuna usafi uliopatikana kwa njia mbaya zaidi ya hiyo. Chanjo mpya zilikuja wiki iliyofuata. Baba aliondolewa, vioo vikashushwa, na tukahamia Muheza mjini, ambako alitengeneza baiskeli kwenye kibanda karibu na soko la machungwa. Nyumbani hapakusemwa tena habari za betri. Mimi niliusoma ukimya ule kama hasira, na kwa kuwa nilikuwa mtoto nilidhani wamekasirikiana wao kwa wao.

Nilifika kidato cha pili. Siku hiyo tulikuwa maabara, na mwalimu wa kemia alikuwa ameshika chupa. Akatudondoshea matone machache kwenye kipande cha kitambaa, akasema tusubiri, na baada ya muda akakisuuza na kukiinua dirishani. Mwanga ukapita kwenye vitundu vidogo vidogo. Kijana mmoja wa nyuma, mtoto wa dereva, akapaza sauti, "Si yale maji makali ya betri hayo, mwalimu?" Darasa likacheka. Mwalimu akasema ndiyo, asidi, ndiyo hiyo hiyo. Niliomba ruhusa nikatoka nje, nikasimama kwenye michongoma mpaka kengele ikalia.

Likizo ilipofika nilimkuta baba kibandani, anazungusha gurudumu kuangalia kama limenyooka. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Nikasema machache.

"Baba, yule wa duka aliniuliza. Ya kuongezea au makali. Nami nikachagua."

Gurudumu likaendelea kuzunguka. "Najua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Kila mwenye duka la vipuri huuliza, mwanangu. Nilikuja kulijua baadaye. Nilikwenda Ngamiani nikasimama kwenye kaunta ile ile, nikaulizwa." Akalisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Nilikutuma bila neno. Lilikuwa neno moja, nami sikukupa."

Nikaanza kulia, akaniacha nilie, akanipa kitambaa chenye grisi kwa kuwa hakuwa na kingine. Kisha akasema, "Mamako hajui. Usimwambie. Lile la Bakari amelibeba kwa shida, hili litamvunja." Nikaapa. Nilikitimiza kiapo kile miaka ishirini na ushei. Mama akazeeka mbele yangu, akalea wanangu, nikamfunga kidonda cha mguu kwa mikono yangu, na sikumwambia. Naye hakuniuliza.

Alipofariki, wanawake waliniomba kanga zake za kugawa. Nilifungua sanduku lake la mbao. Chini kabisa, chini ya gauni lake jeupe la unesi, nikaikuta ile. Rangi ilikuwa imefifia lakini niliijua. Niliikunjua juani, nikitegemea kuviona vile vitundu, sikuviona. Kila kimoja kilikuwa kimeshonwa, mishono midogo ya uzi mweupe, imebanana, mstari mzima kuanzia pindo hadi katikati. Mama yangu hakuwa mtu wa kushona kanga. Kwetu kanga ikitoboka ilikuwa dekio. Nikakumbuka siku ya yule bwana wa wilayani, alivyoinuka akaenda ndani akakaa muda mrefu. Yule bwana alikuwa bado yupo stoo na karatasi zake, na ile kanga ilikuwa imeanikwa tena uani, kila mtu anaweza kuiona, na tangu siku ile sikuiona tena.

Nilimpelekea baba. Wakati huo alikuwa haoni vizuri, kwa hiyo niliiweka mapajani mwake na kumshika kidole, nikakipitisha juu ya mishono, mmoja baada ya mwingine. Alipofika katikati alikuwa ameshaelewa. Akatoa mkono wake ndani ya wangu, akaendelea peke yake mpaka mwisho wa mstari.

"Kumbe naye," akasema.

Kisha akaniomba nimfunike miguu nayo, kwa kuwa alikuwa anasikia baridi.